Bangi halali ya Massachusetts haimhusu mwenye viza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi ambao watoto wao watapanda ndege mwezi Agosti kwenda kusoma Harvard, Yale, Princeton na vyuo vingine vya kiwango hicho. Katika vikao vya kuwaaga husemwa habari za baridi, makoti na kadi ya benki. Kuhusu bangi husemwa neno moja tu, "usivute," kisha watu wanarudi kwenye pilau. Neno ni jema, lakini mtoto akifika Cambridge, mji wa Massachusetts iliko Harvard, atakuta duka la bangi lenye vioo safi, mlinzi mpole wa kukagua vitambulisho na risiti yenye kodi ya serikali. Siku hiyo hiyo neno la mzazi litaonekana la kizamani. Afadhali aondoke akijua sheria zinavyokaa, kwa sababu zimekaa vibaya kwake kuliko kwa wenzake wa darasani.

Msokoto mmoja katika bweni la chuo cha Marekani huangukia sheria tatu kwa mpigo: ya jimbo, ya chuo na ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Anayeijua moja huamini amezijua zote.

Ya jimbo ndiyo inayotangazwa. Wapiga kura wa Massachusetts, iliko Harvard, waliihalalisha bangi ya starehe Novemba 2016, na maduka ya kwanza yakafunguliwa Novemba 2018. Kura hiyo ilimruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea kutembea na wakia moja, yaani gramu 28 hivi. New Jersey, iliko Princeton, gavana alisaini Februari 2021 na kiwango ni wakia sita. Connecticut ya Yale ilifuata Julai 2021 kwa wakia moja na nusu. California ya Stanford ilipiga kura yake mwaka 2016. Ila si kila chuo kikubwa kiko upande huo wa ramani. Dartmouth iko New Hampshire, na Duke iko North Carolina. Kote huko bangi ya starehe haijahalalishwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiko Philadelphia, ambako tangu 2014 mji hutoza faini ya dola 25 kwa aliyekutwa na chini ya gramu 30, lakini sheria ya jimbo lenyewe bado inaihesabu kuwa kosa. Anayepanda basi New York kwenda kumtembelea rafiki Philadelphia akiwa na kifurushi mfukoni amebadilisha sheria njiani, na kule kuvuka tu mpaka wa jimbo nacho kunaweza kuwa kosa la shirikisho.

Kuna jambo dogo linalosahaulika hapa: umri. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wengi wana miaka 18 hadi 20. Kwao bangi si halali hata katika majimbo yaliyoihalalisha. Isipokuwa adhabu imepunguzwa sana: New Jersey humpa onyo la maandishi, Massachusetts humpa tiketi ya faini ya dola 100 kwa kiasi kidogo. Adhabu ikiwa ndogo hivyo vijana huisoma kama ruhusa.

Sheria ya chuo inatokana na fedha. Mwaka 1989 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokitaka kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kupiga marufuku dawa za kulevya, kumgawia kila mwanafunzi masharti hayo kwa maandishi kila mwaka, na kupitia utekelezaji wake kila baada ya miaka miwili. Hakuna chuo kikubwa kitakachohatarisha ruzuku za utafiti kwa ajili ya moshi wa mabwenini. Ndiyo maana hata mwenye kadi ya bangi ya matibabu kutoka jimboni haruhusiwi kuingia nayo bwenini Harvard.

Sheria ya shirikisho ni ya 1970, na iliipanga bangi daraja moja na heroini. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza kuihamishia daraja la tatu, na tangu hapo vijana wengi wanaambiana kwamba "mambo yamekwisha." Hayajaisha. Sheria ya uhamiaji haiangalii daraja. Inauliza kama kitu kimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na orodha hiyo ina madaraja matano. Bangi ya daraja la tatu ingembana mwenye viza sawasawa na ya daraja la kwanza.

Sasa polisi. Mzazi wa huku akisikia "polisi wa chuo" hufikiria mlinzi wa getini mwenye daftari la wageni. Polisi wa Yale wapo tangu 1894, wa kwanza wa aina yao Marekani. Wana bastola, pingu na mamlaka ya kukamata. Harvard nao wana jeshi lao la polisi, na wale wa Stanford hupata mamlaka yao kupitia sherifu wa wilaya ya Santa Clara. Hawa ni askari kamili. Lakini mshahara wao hutoka chuoni, na chuo hakitaki wanafunzi wake waonekane mahakamani. Hivyo bangi nyingi za bwenini huishia hivi: mlezi wa bweni, ambaye ni mwanafunzi mkubwa anayepewa chumba au posho kwa kazi hiyo, anasikia harufu, anagonga mlango, anaandika taarifa, pengine anamwita askari, ambaye anachukua kilichoonekana na jina la mwenye chumba. Asubuhi barua pepe inatoka ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Hakuna kesi.

Mtaani upande wa pili wa barabara haikuwa hivyo. Shirika la haki za raia la ACLU lilipochambua takwimu za nchi nzima mwaka 2013 liliona kwamba Mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.73 wa Mzungu kukamatwa kwa kumiliki bangi, ingawa wote wanaivuta kwa kiwango kinachokaribiana. Jiji la New York mwaka 2010 lilikamata watu wapatao 50,000 kwa kosa hilo peke yake, na Harlem ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyolemewa. Chuo Kikuu cha Columbia kimepakana na Harlem. Desemba ya mwaka huohuo polisi wa jiji waliwakamata wanafunzi watano wa Columbia baada ya askari kanzu kununua kwao bangi, kokeini na dawa nyingine kwa miezi mitano, thamani ya dola 11,000 hivi. Habari ilijaa magazetini kwa wiki kadhaa. Watano! Katika jiji lililokamata 50,000. Ilikuwa habari kwa sababu kwa kawaida hakuna anayewapelekea wanafunzi wa aina hiyo askari kanzu.

Nalisema hili kwa sababu mtoto wa Mbeya au Kisumu akiingia vyuo hivi anaingia ndani ya ukuta huo wa upole, na anauona ukifanya kazi. Mwenzake wa chumba kutoka Connecticut anakutwa na msokoto, anaitwa ofisini, anaandika barua ya kujuta, anapewa onyo, na mwezi wa sita anaenda kufanya kazi benki. Mtoto wetu anahitimisha kwamba hiyo ndiyo bei ya bangi. Ni bei kweli, lakini ya raia.

Bei ya mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo, ni hii. Sheria ya uhamiaji ina milango miwili. Mlango wa kumtoa mtu aliyeko ndani una msamaha mmoja: kosa moja tu la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe halimfanyi afukuzwe nchini. Mlango wa kuingia hauna msamaha huo. Aliyetiwa hatiani kwa gramu mbili anaweza kuendelea kukaa Boston akisoma vizuri, halafu akaja Moshi kumzika babu, na akashindwa kurudi. Njia inayobaki ni kuomba ruhusa maalumu, ambayo ofisa ana hiari ya kuikubali au kuikataa, na inachukua miezi wakati muhula unakwenda. Huku ndiko wengi hunaswa, maana hakuna anayeogopa kuja nyumbani.

Na neno "kutiwa hatiani" halina maana tuliyoizoea. Massachusetts kuna utaratibu unaopendwa na mawakili wenye haraka: mshtakiwa anakubali kwamba ushahidi ungetosha, hakimu anaahirisha kesi bila kutoa uamuzi, muda wa masharti ukipita kesi inafutwa. Kwa raia hiyo ni bahati. Kwa uhamiaji ni hukumu kamili, kwa sababu mtu amekiri mambo yanayotosha na amewekewa masharti. Kufutwa kwa kesi baadaye hakubadilishi kitu. Kilicho salama zaidi ni uangalizi kabla ya kesi ambao hauna ukiri wowote ndani yake. Karatasi mbili zinafanana, zinatolewa mahakama moja, siku moja. Moja inamaliza masomo na nyingine haimalizi. Tangu Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni matokeo ya uhamiaji kabla hajakiri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili ni hili: "Hili ninalokubali, uhamiaji watalihesabu kuwa hukumu?" Akijibu kwa kubahatisha, atafutwe mwingine kabla ya kusaini.

Msamaha wa Rais Biden wa Oktoba 2022 kwa waliotiwa hatiani na shirikisho kwa kumiliki bangi uliwataja raia na wakazi wa kudumu. Wenye viza za masomo hawakutajwa.

Inawezekana hata pasiwe na mahakama kabisa. Chuo kikimsimamisha mwanafunzi muhula mmoja, Mmarekani huenda kwa mama yake akafanya kazi mgahawani, akarudi Januari. Mwenye F-1 akisimamishwa, ofisi ya wanafunzi wa kigeni hulazimika kufunga rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Akipata idhini ya ofisi hiyo kabla ya kuacha masomo ana siku 15 za kuondoka nchini. Akiacha bila idhini hana hata moja. Akikaa nje zaidi ya miezi mitano huanza upya: fomu mpya ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza), ada ya SEVIS dola 350, ada ya viza dola 185, na usaili ubalozini ambako ataulizwa kwa nini aliacha masomo. Kwa hiyo mbele ya kamati ya nidhamu, tofauti ya "onyo la muda mrefu" na "kusimamishwa muhula mmoja" si ya ukali tu. Mwanafunzi aseme wazi kwa maandishi kwamba yuko kwenye viza na kwamba kusimamishwa kunamaanisha kuondoka nchini. Wanakamati wengi ni walimu wa kemia na historia. Hawajui, na wakijua huwa na uwezo wa kuchagua adhabu nyingine.

Ila barua hiyo isiwe barua ya kukiri. Watoto hawa wameingia vyuo hivi kwa kuandika insha, na wakibanwa huandika insha: walivyoanza kuvuta mwaka wa kwanza, mara ngapi kwa wiki, walivyomkosea Mungu na bibi. Insha nzuri sana, yenye tarehe. Inabaki kwenye faili. Chuo hakilazimiki kuripoti uhamiaji kila adhabu ya ndani. Wajibu wake ni kuripoti adhabu iliyotokana na hukumu ya jinai, na kufungwa kwa rekodi. Lakini faili linaweza kuitwa mahakamani. Barua isomwe na wakili wa uhamiaji kabla haijatumwa.

Ukiri una uzito wa pekee, na raia hawezi kuuelewa kwa sababu haumgusi. Sheria humzuia kuingia nchini aliyetiwa hatiani kwa kosa la dawa, na humzuia vilevile aliye*kiri* kulitenda, hata kama hakuwahi kukamatwa. Uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji wa mwaka 1957 uliweka masharti: ofisa amweleze mtu vipengele vya kosa kwa lugha ya kueleweka, na mtu akiri kwa hiari yake kitendo ambacho kwa kweli ni kosa. Kijana anayemwambia ofisa wa Logan, uwanja wa ndege wa Boston, "Nilinunua dukani, ni halali hapa," anadhani anajitetea. Kwa sheria ya shirikisho amekiri. Dukani ni halali kwa jimbo. Ofisa aliye mbele yake halipwi na jimbo.

Fomu ya viza ya DS-160 inauliza kama mwombaji amewahi kuvunja sheria yoyote inayohusu dawa zinazodhibitiwa, na swali jingine linauliza kama ni mtumiaji mbaya au mraibu. Akijibu "hapana" kwa uongo na ikajulikana, huo ni udanganyifu unaoweza kumfungia mlango maisha. Akijibu "ndiyo" bila ushauri, amekiri. Hakuna ujanja wa kumpa mtu katikati ya maswali hayo mawili, na anayeuza ujanja huo kwenye makundi ya WhatsApp ni tapeli. Mwenye historia yoyote, hata ya tiketi ya dola 100, aende kwa wakili kabla ya kujaza, akiwa na nakala ya tiketi na karatasi ya mahakama inayoonyesha mwisho wake. Kukamatwa peke yake si kukiri, wala tiketi ya faini si hukumu ya jinai, lakini lazima karatasi iwepo ya kuonyesha hivyo. Mahakama ndogo huharibu kumbukumbu baada ya miaka. Nakala zilizothibitishwa zichukuliwe mapema, mbili au tatu.

Asidhani pia kwamba mambo madogo hayaonekani. Machi na Aprili 2025 idara ya uhamiaji ililinganisha majina ya wanafunzi wa kigeni na hifadhidata ya polisi, ikafunga rekodi za SEVIS za maelfu yao. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na makosa ya barabarani na kesi zilizokwisha kufutwa. Wanafunzi walikwenda mahakamani kwa wingi, na mwishoni mwa Aprili serikali ikaanza kuzirudisha.  Tangu Juni 2025 pia waombaji wa viza za masomo huambiwa wafungue kurasa zao za mitandao zionekane na umma, na kwenye kiwanja cha ndege ofisa wa mpakani anaweza kukagua simu. Picha ya msokoto yenye maneno ya utani chini yake si utani tena.

Mbaya kuliko picha ni malipo. Desturi ya mabwenini ni kwamba mmoja aliyefikisha miaka 21 hununulia wenzake wanne, nao humrudishia dola 15 kila mmoja kwa programu ya simu, mara nyingi kwa alama ya jani au moto kwenye maelezo. Katika baadhi ya programu hizo malipo huonekana na kila mtu mpaka mwenyewe abadilishe mipangilio. Wao wanaita kuchangishana. Sheria ya shirikisho inaita usambazaji, na usambazaji ndani ya futi 1,000, kama mita 300, za chuo unaweza kuongeza adhabu ya juu hadi mara mbili. Karibu chuo kizima kiko ndani ya duara hilo. Kwa uhamiaji hakuhitajiki hukumu: ofisa akiwa na "sababu ya kuamini" kwamba mtu ni msambazaji, inatosha kumzuia. Mahakama ya Juu mwaka 2013 ilimwokoa Mjamaika mmoja aliyekamatwa Georgia na gramu 1.3, ikisema kugawana kiasi kidogo bila malipo hakuhesabiki kuwa kosa kubwa la jinai kwa uhamiaji. Maneno yenye uzito hapo ni *bila malipo*. Dola 15 zimeyaondoa.

Biashara hiyo ina hatari isiyo ya karatasi pia. Mei 2009 kijana wa Cambridge aliyekuwa akiwauzia wanafunzi alipigwa risasi katika bweni la Kirkland, Harvard, na watu waliotaka kumpora bangi na fedha, akafa kwa majeraha hayo. Wavamizi hao hawakuwa wanafunzi wa Harvard, lakini kadi ya mwanafunzi ndiyo iliyofungua mlango. Anayeazimisha kadi yake ya mlango kwa "jamaa wa mzigo" ajue inafungua nini.

Kuhusu mlango wa chumba, sheria ni bora kuliko vijana wanavyodhani, na huitupa wenyewe. Mwaka 1968 polisi na maofisa wa chuo kimoja cha Alabama walipekua mabweni wakapata bangi. Wanafunzi wawili wakahukumiwa miaka mitano kila mmoja. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema chuo hakiwezi kuwapa polisi idhini ya kupekua chumba cha mwanafunzi kwa niaba yake. Massachusetts walirudia jambo hilo mwaka 1996 katika kesi iliyoanza kwa paka: fundi wa bweni la chuo cha Fitchburg alisikia paka akilia ndani, kinyume cha masharti, maofisa wakaingia kumtafuta, wakakuta kabatini mibangi miwili yenye urefu wa futi nne chini ya taa. Hadi hapo hapakuwa na kosa, kwa kuwa mkataba wa chumba uliwaruhusu kukagua afya na usalama. Kosa lilikuja walipowaita polisi wa chuo, nao wakaingia, wakapiga picha na kubeba mimea bila hati ya upekuzi. Ushahidi ukatupwa.

Kwa hiyo mstari uko kati ya mlezi wa bweni na askari. Mlezi anaweza kuingia kwa mujibu wa mkataba. Askari anahitaji hati, dharura, au idhini, na idhini ndiyo hupatikana rahisi kuliko vyote. Anagonga saa tano usiku, anasema kwa sauti ya kirafiki, "Naweza kuingia tuzungumze?" Mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa anasogea pembeni na kusema karibu. Hapo amekwisha idhinisha. Heshima haipotei kwa kutoka nje, kuufunga mlango nyuma yake na kuzungumza ukumbini, kutoa kitambulisho cha chuo, kusema, "Samahani ofisa, siridhii upekuzi, na ningependa kuzungumza na wakili kwanza." Asisukume, asikimbie, asimwage kitu chooni, asidanganye hata kwa jina. Uongo na kuharibu ushahidi ni makosa mapya, na mara nyingi ni mazito kuliko bangi yenyewe. Vivyo hivyo kufunika kifaa cha kutambua moshi kwa soksi au mfuko wa nailoni: vyuo vingi hukihesabu kuwa kosa la usalama wa moto, na hapo mwanafunzi aliyekuwa apate onyo hufukuzwa bwenini.

Kabla sijasahau, soksi. Mtunisia aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo alikutwa Kansas mwaka 2010 na vidonge vinne vya Adderall, dawa ya kuongeza umakini, ndani ya soksi yake. Alitiwa hatiani kwa soksi, kama "kifaa cha dawa," na akaondolewa nchini. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 2015, baada ya kuwa nje miaka kadhaa. Vidonge hivyo huuzwa kimyakimya kwenye maktaba za vyuo vikubwa wiki za mitihani, na mtoto asiyegusa bangi maisha yake yote anaweza kuvipokea kwa rafiki kama anavyopokea kahawa. Bila cheti cha daktari ni dawa inayodhibitiwa, daraja la pili.

Bangi ya kula nayo imewapiga wengi wasioivuta. Haina harufu, inafanana na peremende laini au biskuti, na hupitishwa kwenye sherehe pamoja na keki. Kipimo cha kawaida ni miligramu 5 za THC, kemikali ya bangi inayolevya, majimbo mengine 10. Ikivutwa hupanda kwa dakika. Ikiliwa hupita tumboni na kwenye ini kwanza, huchukua nusu saa hadi saa mbili, na hudumu saa nyingi. Machi 2014 kijana wa miaka 19 kutoka Kongo-Brazzaville, aliyekuwa akisoma Wyoming, alikula Denver kipande kimoja cha biskuti kama muuzaji alivyomwelekeza rafiki yake. Baada ya dakika 30 hadi 60 hakusikia kitu, akamalizia iliyobaki. Biskuti nzima ilikuwa na miligramu 65, vipimo sita na nusu vya miligramu 10. Saa mbili na nusu baadaye, akiwa amechanganyikiwa, aliruka kutoka baraza ya ghorofa ya nne ya hoteli akafa. Colorado ilibadilisha kanuni za vipimo na alama za vifurushi mwaka uliofuata. Mtu aliyezidiwa asiachwe peke yake, akae mbali na madirisha na ngazi, na ipigwe 911, namba ya dharura. Vyuo vingi vina kanuni ya kutomwadhibu anayeita msaada wala anayesaidiwa. Isomwe mapema, kwa sababu baadhi zinataja pombe peke yake.

Kazi za bangi ni mtego mwingine, hasa kwa wa kemia na biashara. Kampuni za bangi huajiri wapimaji wa maabara, wahasibu, waandishi wa programu, na hulipa vizuri. Aprili 2019 idara ya uraia ilieleza kwamba hata ajira katika tasnia hiyo, iliyo halali jimboni, inaweza kuhesabiwa dhidi ya mwombaji wa uraia. Mwenye F-1 anayefanya mafunzo ya kazi huko amejiandikia ukiri wenye hati za mshahara.

Ukisoma taarifa za usalama ambazo vyuo hutoa kila tarehe 1 Oktoba utaona idadi za makosa ya dawa zikishuka katika majimbo yaliyohalalisha. Zisimtulize mzazi. Taarifa hizo huhesabu uvunjaji wa sheria, hazihesabu uvunjaji wa kanuni za chuo. Sheria ya jimbo ikibadilika, namba hushuka hata moshi ukiwa uleule.

Kabla ya safari mtoto aandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, namba tatu: ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, ya wakili wa uhamiaji aliye karibu na chuo, na ya kliniki ya uhamiaji ya kitivo cha sheria, yaani ofisi yake ya msaada wa kisheria. Harvard na Yale zina kliniki hizo, na hazitozi ada. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni aiulize masharti ya viza tu. Si wakili wake, na alichoisimulia kinaweza kuandikwa. Ya polisi na bangi amweleze wakili, mlango ukiwa umefungwa.

Wako,
Mfuatiliaji wa sheria za wanafunzi wa kigeni
Boston, Massachusetts